Sayanaidi, Kengele na Mhandisi: Mafunzo ya Usalama Katika Mitambo ya Dhahabu, Kutoka Geita ya Kale Hadi Kahama

Mtambo wa kuchenjua dhahabu ni kiwanda cha kemia kilichojengwa mlangoni mwa mgodi. Mawe husagwa hadi yawe tope, tope huingizwa kwenye matangi yenye chokaa na sayanaidi, sayanaidi huyeyusha dhahabu, na kaboni huinasa. Baadaye kaboni hiyo hupelekwa kwenye mnara wa elusheni, ambako kimiminika chenye joto la zaidi ya nyuzi 100 huivua dhahabu kwa msaada wa shinikizo. Kila hatua ina hatari zake, lakini inayotisha kuliko zote hutegemea namba moja, yaani pH ya tope. Ikiwa juu ya 10, sayanaidi hutulia ndani ya maji. Ikishuka hadi 9.2, nusu yake huwa imegeuka kuwa haidrojeni sayanaidi, gesi inayoweza kumuua mtu kwa dakika chache. Kwa kiasi kikubwa, historia ya kuwafundisha wahandisi usalama katika ukanda wa Geita na Shinyanga ni historia ya kujifunza kuilinda namba hiyo.

Njia ya sayanaidi iligunduliwa Glasgow mwaka 1887, na mgodi wa kwanza mkubwa wa Geita ulipoanza miaka ya 1930 ilikuwa tayari imeenea duniani. Mgodi huo ulitoa karibu wakia milioni 1 za dhahabu kabla ya kufungwa mwaka 1966. Mwafrika aliyefanya kazi katika migodi ya enzi hiyo alifundishwa kutumia koleo, kuponda mawe na kufungua valvu aliyoelekezwa. Uhandisi ulikuwa wa wageni. Upande wa Shinyanga, John Williamson aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940 na kujenga mji mzima wa kampuni. Almasi hutenganishwa kwa uzito na kwa grisi, haihitaji sayanaidi, hivyo hatari kubwa ya Mwadui ilikuwa mikanda na mashine za kusagia. Mafundi wengi walijifunza kazini, kwa kumtazama aliyewatangulia.

Uhuru ulipopatikana, Tanganyika haikuwa na kitivo cha uhandisi. Waliochaguliwa walipelekwa Nairobi, hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua kitivo chake mwaka 1973. Uhandisi wa kemia na michakato ulifuata baadaye, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Dodoma ikapata chuo cha madini kilichotoa mafundi sanifu. Lakini kulikuwa na pengo ambalo halisemwi vya kutosha: vijana hao walihitimu katika nchi ambayo karibu haikuwa na mtambo mkubwa wa dhahabu. Ukiacha mgodi wa serikali wa Buckreef wa miaka ya 1980, dhahabu ya Kanda ya Ziwa ilikuwa mikononi mwa wachimbaji wadogo, kwenye maduara na mialo, na ilikamatwa kwa zebaki. Mhandisi alijua mlinganyo wa sayanaidi ubaoni bila kuwahi kusimama kando ya tangi lake.

Katika miaka hiyohiyo, elimu ya usalama wa viwanda ilikuwa ikizaliwa upya kwingineko, na ilizaliwa kwa misiba. Mlipuko wa Flixborough, Uingereza, uliua watu 28 tarehe 1 Juni 1974. Mwaka 1984 gesi ya kiwanda cha Bhopal, India, iliua maelfu. Wahandisi wa kampuni ya ICI ya Uingereza walikuwa wameanza tangu miaka ya 1960 kuuchambua mtambo kwenye karatasi kabla haujadhuru mtu, na njia yao, HAZOP, ikawa somo la lazima kwa mhandisi wa michakato. Kufikia mwaka 2000 kulikuwa na kiwango cha kimataifa cha mifumo ya kielektroniki ya usalama, IEC 61508, na mwaka 2003 kikaja IEC 61511, cha mitambo ya michakato hasa. Viwango hivyo vilitaka mfumo unaouzima mtambo wakati wa hatari usitegemee ule unaouendesha kila siku, na kila anayeusanifu au kuutunza awe na ujuzi unaoweza kuthibitishwa.

Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ilifungua mlango kwa migodi mikubwa. Golden Pride ya Nzega ilitangulia, Geita ikazinduliwa mwaka 2000, Bulyanhulu ikafuata mwaka 2001 katika wilaya ya Kahama, na Buzwagi mwaka 2009. Wakati migodi hiyo ikijengwa, bwawa la mgodi wa dhahabu lilipasuka Baia Mare, Romania, tarehe 30 Januari 2000, na takriban mita za ujazo 100,000 za maji yenye sayanaidi zikaingia mitoni hadi Danube. Msiba huo ndio ulioleta Kanuni za Kimataifa za Usimamizi wa Sayanaidi, zilizokamilishwa mwaka 2002. Kanuni ya nane kati ya tisa inahusu mafunzo peke yake: mgodi unaotaka cheti lazima uonyeshe kuwa kila anayeigusa sayanaidi, na kila mwokoaji, amefundishwa na kupimwa. Ukaguzi wa nje ulifanya kile ambacho mihadhara peke yake isingeweza kufanya.

Serikali nayo ilikuwa ikijipanga. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulianzishwa mwaka 2001, na sheria yake ya mwaka 2003 ikaiondoa Sheria ya Viwanda iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni. Mwaka huohuo wa 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mpango wa mafunzo ya vitendo wa miaka mitatu kwa wahitimu, SEAP. Mwaka 2009 kampuni za migodi na mamlaka ya elimu ya ufundi stadi, VETA, zikaanzisha Moshi mpango wa kufunza mafundi wa migodi. Hapo ndipo mafunzo yalipoanza kufuata mtambo wenyewe. Kanuni za mwaka 2018 za ushiriki wa Watanzania zilipozitaka kampuni ziwe na mpango wa kuwarithisha wazawa nafasi za wageni, tayari walikuwapo wa kurithishwa.

Darasa la HAZOP lenyewe ni la subira. Wahandisi, waendeshaji wa zamu na mafundi umeme huketi na mchoro wa mabomba mezani na kuuliza maswali yaleyale kwa kila kipande. Kwa bomba la maziwa ya chokaa, swali la kwanza ni: itakuwaje pasipokuwa na mtiririko wowote? Chokaa ikikatika, pH itaanza kushuka; sensa itaona? Sensa ikiwa imefunikwa na ukoko wa chokaa, itaendelea kuonyesha 10.5 huku tope likiwa 9. Ndiyo maana hufungwa sensa zaidi ya moja, pampu ya sayanaidi huunganishwa ili isimame yenyewe pH inaposhuka, na juu ya matangi huwekwa vipima gesi. Kanuni za sayanaidi zinataka mfanyakazi asikae penye zaidi ya sehemu 4.7 za gesi kwa milioni kwa zamu ya saa 8, wala asikutane na zaidi ya 10 hata kwa dakika moja. Mara nyingi aliye na jibu mezani ni mwendeshaji wa zamu ya usiku, anayejua kuwa valvu fulani hukwama, na mhandisi kijana hujifunza kwanza kumsikiliza huyo.

Makosa yameendelea kufundisha. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, mashariki mwa Ziwa Victoria, ulitozwa na serikali faini ya shilingi bilioni 5.6 mwaka 2019 kwa uchafuzi uliotokana na bwawa la topesumu. Mwadui, ukuta wa bwawa lake ulibomoka Novemba 2022, tope likaingia mashambani na kwenye makazi. Kutokana na matukio kama hayo, bwawa huhesabiwa leo kuwa sehemu ya mtambo: lina vipimo vya maji ndani ya kuta, kengele na mpango wa kuwahamisha watu, na anayelisimamia anapaswa kufunzwa kama anayesimamia matangi.

Buzwagi ya Kahama ilipofungwa, kampuni ya Barrick iliyageuza majengo yake kuwa chuo cha viongozi wa zamu na wasimamizi. Kahama pia imepangiwa kiwanda cha kusafishia nikeli ya Kabanga, chini ya mkataba uliosainiwa na serikali Januari 2021. Kazi yake itakuwa ya asidi, oksijeni na shinikizo kubwa, hatari ambazo mhandisi aliyelelewa na sayanaidi atalazimika kujifunza upya.

Lakini sayanaidi nyingi ya ukanda huu haiko nyuma ya uzio wa kampuni kubwa. Nyarugusu, Lwamgasa, Kahama na Katente zimejaa makarasha, na marudio yake, yaliyokwisha kupita kwenye zebaki, hununuliwa na kulowekwa kwenye vati za wenye mitaji midogo. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lilijenga vituo vya mfano vya uchenjuaji Lwamgasa na Katente ili wachimbaji waone kazi ikifanywa kwa mpangilio. Mwenye vati anahitaji kipimo cha pH, chokaa ya kutosha, bwawa lisilovuja na mtu wa pili anayemtazama anapochanganya dawa. Somo hilo halihitaji programu wala chumba cha udhibiti, na walimu wake wanafanya kazi kilomita chache tu kutoka hapo.