Mtoto Alipomwandika Baba Yake

Mkusanyaji mzoefu wa vitabu hukitambua akiwa bado mlangoni. Ni majuzuu mawili mazito, kitambaa cha jalada kina rangi ya zambarau lililoiva, na nembo ya ukoo imepigwa usoni kwa dhahabu. Hivyo ndivyo kilivyotoka kwa wachapishaji Macmillan wa London tarehe 2 Januari 1906. Leo nakala nyingi zimepauka mgongoni, maana rangi ile haivumilii mwanga, na kitabu kikiwa rafuni mgongo ndio unaotazama dirisha. Nakala ambayo mgongo na uso bado vinafanana hupanda bei papo hapo. Na ile iliyobaki na karatasi yake ya kufunikia jalada, wengi wanaokusanya vitabu hivi hufa wakiisikia tu.

Kitabu kinaitwa *Lord Randolph Churchill*. Aliyekiandika ni mwanawe, Winston, wakati huo kijana wa miaka 31. Watu wanakinunua kwa bei kubwa kwa ajili ya mwana, siyo baba. Mwaka 1906 mambo yalikuwa kinyume: baba ndiye aliyekuwa na jina, na mwana alikuwa akilitafuta.

Lord Randolph alizaliwa 1849, mtoto wa kiume wa tatu wa Duke wa saba wa Marlborough, mwenye jumba la Blenheim. Huyo "Lord" ni heshima tu ya mtoto wa Duke. Haikumpa kiti katika Baraza la Malodi wala haikumzuia kugombea Baraza la Makabwela. Aliingia bungeni 1874 kupitia Woodstock, mji ulio langoni mwa Blenheim, ambako familia ilizoea kupata kura kama inavyopata mayai ya bandani. Mwaka huohuo alimwoa Jennie Jerome, binti wa tajiri wa New York, na Novemba akazaliwa Winston.

Bungeni alikuwa mwiba. Yeye na wenzake watatu, wote wa chama cha Conservative, walikaa pamoja wakiwachoma wapinzani na viongozi wao wenyewe bila kubagua, hata wakaitwa Chama cha Nne. Alihubiri kwamba chama cha mabwanyenye kinaweza kuwa chama cha wafanyakazi, na watu wakafurika kumsikiliza. Mwaka 1885 alipewa wizara ya India, na chini yake Burma ya Juu ikatwaliwa na kuingizwa katika himaya. Agosti 1886, akiwa na miaka 37, akawa Waziri wa Fedha na kiongozi wa shughuli za serikali bungeni. Wengi walikwisha kumwona waziri mkuu ajaye.

Miezi minne tu. Tarehe 20 Desemba, akiwa mgeni katika kasri la Windsor, alichukua karatasi ya kasri lenyewe akamwandikia Waziri Mkuu, Lord Salisbury, kwamba anajiuzulu kwa sababu wizara za jeshi zimekataa kubana matumizi. Alidhani ataombwa abaki. Salisbury akapokea barua, akakubali, akamteua Goschen mahali pake. Mkewe Jennie alizipata habari gazetini. Lord Randolph hakuwahi kusoma hata bajeti moja bungeni, na hakurudi tena serikalini. Mwaka 1891 alisafiri hadi Afrika Kusini na Mashonaland kusaka dhahabu na kuandikia gazeti, kisha maradhi yakamshika. Hotuba zilimvurugikia mdomoni, wabunge wakawa wanatoka nje anaposimama. Alikufa 24 Januari 1895, akiwa na miaka 45.

Winston alikuwa na miaka 20. Mazungumzo ya maana kati yake na babake mtu angeweza kuyahesabu kwa vidole. Alipopewa ruhusa na waliokabidhiwa nyaraka za marehemu, mwaka 1902, akajifungia na makasha ya barua kama mtu anayeonana na babake kwa mara ya kwanza.

Ila haikuwa huzuni peke yake. Mei 1904, katikati ya kazi hiyo, Winston alihama chama. Wahamaji tuliowazoea sisi huondoka upinzani kwenda "kuunga mkono juhudi" za serikali; yeye alitoka chama tawala, chama cha babake, akaenda kuketi na Liberal. Wenzake wa zamani walimwita msaliti. Soma kitabu ukijua hilo, utaona wakili yuko kazini. Lord Randolph anayechorwa humo ni mwanamageuzi aliyeangushwa na chama kisichotaka kubadilika, mtu aliyekiacha cheo kuliko kuiacha imani yake. Mwenye busara afanye nini na chama cha namna hiyo? Mwandishi hasemi. Hana haja ya kusema.

Mwaka 1981 mwanahistoria Roy Foster alitoa wasifu mwingine wa Lord Randolph, akionyesha jinsi mwana alivyochagua na kupunguza barua ili baba atoke amenyooka kuliko alivyokuwa. Lililofunikwa kwa uangalifu zaidi ni la 1876. Kaka yake Lord Randolph alikuwa na uhusiano na mke wa Lord Aylesford, na mwana wa Malkia, mrithi wa kiti, naye alikwisha kumwandikia mama huyo barua za kumtia aibu. Lord Randolph alitishia kuzitoa hadharani. Jamii ya wakubwa ikawafungia milango, familia ikahamia Dublin, ambako Duke alikwenda kuwa mwakilishi wa Malkia. Kitabu kinapita hapo kwa sentensi chache zisizomtaja mtu. Na kingefanyaje? Kilipotoka, yule aliyeziandika barua zile alikuwa ndiye Mfalme Edward wa Saba.

Fedha zilikuwa nzuri. Mwandishi na mhariri machachari Frank Harris alimfanyia mapatano, na Macmillan wakatoa malipo ya awali ya pauni 8,000, wakati wabunge hawakuwa na mshahara hadi 1911. Bei dukani ilikuwa shilingi 36, na mwaka huohuo klabu ya vitabu ya gazeti la *The Times* ilipoanza kuuza nakala zake kwa bei ya kutupa, wachapishaji walikuja juu, na mzozo ukaendelea hadi 1908. Nakala zilizopitia klabu ile nazo zina wakusanyaji wake.

Siku kitabu kinatoka Winston alikuwa tayari Naibu Waziri wa Makoloni, na kabla mwezi haujaisha akashinda ubunge Manchester. Cheo hicho cha unaibu waziri ndicho kilichomleta kwetu. Oktoba 1907 alishuka Mombasa, akapanda reli ya Uganda, akaendelea na mto Nile hadi Misri. Kitabu cha safari hiyo, *My African Journey* cha 1908, nacho kinawindwa na wakusanyaji: jalada jekundu, mwandishi amesimama na bunduki kando ya kifaru aliyekufa. Picha hiyo inaeleza ukoloni kuliko kurasa kadhaa za ndani.

Mwaka 1947, mzee na ameshindwa uchaguzi, Churchill aliandika hadithi fupi iliyochapishwa baada ya kifo chake. Yuko katika banda lake la uchoraji nyumbani kwake Chartwell, ananakili picha iliyochanika ya babake. Akigeuka, baba mwenyewe ameketi kitini, kijana kuliko yeye. Baba anauliza habari za dunia, mwana anasimulia: vita viwili, mamilioni ya wafu, tawala zilizoanguka. Hasemi popote yeye alikuwa nani katika hayo. Baba anamwona mzee mwenye akili kiasi, anayejipatia riziki kwa kuandika, anashangaa kidogo kwamba hakuingia siasa. Kisha anawasha kiberiti avute sigara, na mwali unapowaka kiti kinabaki kitupu.