Msukumo wa Nyuma, Si Uendeshaji

Katika maandishi ya magari yanayotafsiriwa kwa Kiswahili, gari ambalo injini yake huzungusha magurudumu ya nyuma limebatizwa "gari la uendeshaji wa magurudumu ya nyuma". Wengine, kwa kutaka ufupi, wameliita "gari lenye kiendeshi cha nyuma". Majina yote mawili ni mabaya, na ubaya wake haukomei kwenye kuudhi sikio. Yanapotosha, tena mahali ambapo kupotoshwa kuna gharama. Msomaji anayejiandaa kuvuka milima ya Alps wakati wa theluji, akiwa na BMW au Mercedes ya namna hiyo, anaweza kusoma mwongozo neno kwa neno, akautii wote, na bado akaifunga minyororo ya matairi kwenye magurudumu yasiyohusika. Kosa hilo halitakuwa lake. Litakuwa la waliokaa mezani wakaidhinisha neno bila kumfikiria mtu atakayelisoma akiwa amepiga magoti kwenye theluji, vidole vimekufa ganzi.

Tuchukue mfano wa Austria, ambako jambo lenyewe limo katika sheria. Mwanzoni mwa barabara nyingi za milimani huwekwa alama ya duara, ya buluu, yenye picha ya tairi lililofungwa minyororo. Maana yake ni amri: usipite bila minyororo, na minyororo hiyo iwe kwenye magurudumu yasiyopungua mawili kati ya yale yanayozungushwa na injini. Kijerumani kina neno moja la magurudumu hayo, Antriebsräder, na dereva wa huko halimtatizi. Sasa litafsiriwe kwa mtindo wa kamati, liwe "magurudumu ya uendeshaji". Mswahili atafahamu nini? Kwake kuendesha gari ni kukaa nyuma ya usukani na kuuzungusha, na magurudumu yanayoutii usukani ni ya mbele. Kwa hiyo atafunga minyororo mbele, kwa mantiki safi kabisa ya lugha yake. Akianza kupanda, magurudumu ya nyuma yatazunguka bure palepale. Akifanikiwa kufika juu kwa bahati, kuteremka kutakuwa kubaya zaidi, kwa sababu akishika breki magurudumu ya mbele yatashika na ya nyuma yatateleza, na mkia wa gari utataka kutangulia.

Chanzo cha kosa ni kitenzi chenyewe. Kuendesha ni kufanya kitu kiende, na katika matumizi yake ya kawaida anayeendesha ni mtu mwenye nia na mamlaka: mwendesha bodaboda, mwendesha mashtaka, mwendeshaji wa mkutano. Uendeshaji wa shirika ni kazi ya mkurugenzi, uendeshaji wa kesi ni kazi ya wakili wa serikali. Gurudumu halina nia wala mamlaka, linazungushwa. Kulipa uendeshaji ni kulipa cheo cha dereva. Waliochagua neno hili walitazama kitenzi cha Kiingereza drive, wakakumbuka kwamba drive a car ni kuendesha gari, wakafunga faili. Hawakuuliza kitenzi hicho kilitoka wapi. Drive, kama ndugu yake wa Kijerumani treiben, kabla ya kuwa na gari lolote kilikuwa kitenzi cha wachungaji: kuwapeleka wanyama mbele kwa kuwasogeza kutoka nyuma. Sisi tunacho kitenzi cha kazi hiyo, tena kizuri, nacho ni kuswaga. Ng'ombe huswagwa. Maana ya kushika usukani ilikuja baadaye sana, na maana ya injini kuupa mhimili nguvu ilichipuka kutoka kwenye ile ya zamani ya kupeleka mbele. Wafasiri wetu wakaegemea tawi lisilohusika. Ushahidi kwamba hawakufikiri ni kile "kiendeshi", maana neno hilohilo limekwisha kutumika katika kompyuta kwa kifaa cha kuhifadhia data. Kiingereza kina neno moja hapo na pale. Kiswahili hakina deni la kukilipa Kiingereza kwa kuiga kila mkanganyiko wake.

Kifaransa kimetuonyesha njia iliyo bora, na wasemaji wa Kiswahili wa Kongo wanaoishi na lugha zote mbili wanaifahamu. Mfaransa hana jina moja la kubadilishwa kiambishi tu. Gari linalopata nguvu kwa magurudumu ya mbele huliita la traction, yaani la kuvuta. Linalopata nguvu kwa ya nyuma huliita la propulsion, yaani la kusukuma. Tofauti hiyo ina mizizi ya muda mrefu kiasi kwamba gari maarufu la Citroën lililotolewa mwaka 1934 lilijulikana kwa jina la Traction Avant, mvuto wa mbele, na jina hilo likakaa. Hapo jina linabeba habari. Linakuambia nguvu inaingia wapi kwenye mwili wa gari na uzito uko upande gani wa nguvu hiyo: mbele yake ukisukumwa, au nyuma yake ukivutwa. Mafundi wetu wa gereji, ambao hawakuhudhuria kikao chochote cha istilahi, nao huzungumza hivyo: hii inavuta mbele, hii inasukuma nyuma. Lugha imekwisha kutoa jibu. Kilichobaki ni kulipa sura ya istilahi.

Sura ninayoitetea ni msukumo wa nyuma, na mwenzake mvuto wa mbele. Gari la msukumo wa nyuma, magari ya msukumo wa nyuma: hakuna upatanisho unaosumbua, hakuna kiambishi kilichobuniwa, hakuna neno lililokatwa mkia ili liingie kwenye jedwali. Sukuma ni kitenzi chenye ukoo mkubwa: sukumana, sukumiza, msukumano, na msukumo wenyewe, ambao kila mwanafunzi anaujua. Unazitenga pia kazi ya gurudumu na kazi ya usukani, ambazo zile tafsiri za mezani zimezichanganya. Usukani ni neno la baharini, lililotoka katika Kiarabu sukkan, kile chombo cha kuongozea jahazi kilichoko tezi. Tangu mwanzo wake ni neno la kuongoza, na halijawahi kuwa la kutia nguvu. Nguvu ya jahazi ilitoka kwenye tanga. Nahodha hakuhitaji kufundishwa kwamba kinachoelekeza chombo na kinachokipeleka ni vitu viwili. Katika gari la msukumo wa nyuma mambo hayo mawili yametengana kabisa, mbele kuongoza na nyuma kusukuma, na utengano huo ndio tabia yake yote kwenye theluji.

Mwalimu wa fizikia atapinga akidai kwamba jozi hii si ya kisayansi. Atasema kwamba pale tairi linapogusana na lami, kila gurudumu lenye nguvu ya injini, liwe la mbele au la nyuma, hufanya jambo lilelile: huisukuma barabara kurudi nyuma, nayo barabara hulisukuma gari kwenda mbele. Ni kweli. Lakini jina la gari halielezi kinachotokea chini ya tairi, linaeleza mahali nguvu inapoingilia, na mahali hapo pana matokeo anayoyaona dereva kwa macho. Tairi lina mshiko wenye kikomo, na mshiko huo ndio unaogawanywa kati ya kulipeleka gari mbele na kulizuia lisiteleze ubavuni. Kwenye theluji kikomo hicho ni kidogo mno. Ukikanyaga mafuta kwenye kona ukiwa na gari la mvuto wa mbele, magurudumu ya mbele humaliza mshiko wake, usukani hukosa kutiiwa, na gari hupanua kona. Ukifanya hivyo na la msukumo wa nyuma, yanayomaliza mshiko ni ya nyuma, na mkia hukatika ukaja kando. Aliyewahi kushika mkokoteni anajua kwamba ukiuvuta hukufuata, ukiusukuma hutafuta njia yake. Jina linalomkumbusha dereva ni upande upi utakaomsaliti kwanza lina faida kuliko lile linalomkumbusha kwamba yeye ni dereva.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la mtaani. "Gari la kusukuma" kwetu ni gari lililokufa betri, ambalo vijana huitwa walisukume ili liwake. Ndiyo maana siitetei ile sura ya kitenzi, ijapokuwa fundi anaitumia bila kueleweka vibaya gereji. Nomino inaondoa utata: anayesukumwa hatajwi, mahali pa nguvu panatajwa. Vivyo hivyo kwa mvuto, ambao wapo watakaosema ni sifa ya uso au ya sauti. Gari lenye mvuto ni gari la kupendeza, sawa. Gari la mvuto wa mbele ni jambo jingine, na neno "mbele" linatosha kutenganisha. Wanaopendekeza "mkokoto" mahali pa mvuto wanaukimbia utata huu na kuingia kwenye mwingine, kwa sababu kukokota kuna uzito na taabu ndani yake, na gari dogo la mvuto wa mbele halikokoti chochote. Wanaopendekeza kurudisha kuswaga wananifurahisha zaidi, lakini kinachoswagwa kina miguu yake. Na ule ubishi kwamba magari yanayopata nguvu kwa magurudumu yote yanavunja jozi yangu haunitishi: hayo watu wanayaita fowili, kila mtu anaelewa, na sioni haja ya kuliondoa neno lililokaa vizuri eti kwa sababu halikuzaliwa mezani. Na pale mwandishi anapohitaji kuyataja magurudumu yenye nguvu kwa jumla, kama kwenye ile alama ya Austria, aseme waziwazi "magurudumu yanayozungushwa na injini". Ni maneno manne, na hayamwingizi mtu korongoni.

Faida ya istilahi njema huonekana maandalizi yanapoelezwa. Anayejua kwamba gari lake ni la msukumo wa nyuma anajua mara moja kwa nini buti tupu ni tatizo: injini iko mbele, na magurudumu yanayosukuma hayana uzito wa kuyakandamiza. Mlima wenyewe humsaidia kidogo, maana gari likiinua pua uzito huhamia nyuma, jambo linalomnyima mshiko mwenzake wa mvuto wa mbele. Magari ya zamani kama Volkswagen Beetle, yenye injini nyuma, yalipata uzito huo bila kuutafuta. Aliye na injini mbele huweka mifuko ya mchanga karibu na ekseli ya nyuma, akaifunga isitembee, bila kuvuka uzito unaoruhusiwa. Gari likikwama, mchanga uleule humwagwa chini ya matairi. Matairi ya baridi ni kwa magurudumu yote manne, si ya nyuma pekee, kwa kuwa ya mbele ndiyo yanayoongoza na kubeba sehemu kubwa ya breki. Ujerumani tangu Oktoba 2024 haikubali tena tairi lenye chapa ya M+S peke yake hali ya baridi inapolazimu; inataka alama ya mlima wenye ncha tatu na chembe ya theluji ndani yake. Austria, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 15 Aprili, inayataka barabarani penye theluji au utelezi, na kwa matairi ya radiali kashata ziwe na kina kisichopungua milimita 4. Minyororo ifungwe nyuma, kabla ya mteremko au mlima kuanza, ikazwe tena baada ya kwenda kidogo, na mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Gia ya pili wakati wa kuondoka, mafuta kidogo, na mkia ukikatika, achia mafuta na uelekeze usukani kule mkia unakokwenda.

Kuna na hili dogo, ambalo tafsiri zilezile zimeliharibu: "matairi ya barafu", kwa maana ya matairi ya baridi. Theluji tumeichukua kwa Waarabu, barafu asili yake ni Kiajemi, ambako barf ni theluji hasa, lakini Kiswahili kimekwisha kugawa kazi na mgawo huo tuuheshimu. Theluji ni ile laini inayoanguka, ambayo mikato myembamba ya tairi la baridi huing'ata; barafu ni maji yaliyoganda yakawa kioo, na hapo tairi hilo halina miujiza, hata liwe jipya. Kumwambia mtu ana "matairi ya barafu" ni kumpa ujasiri asioustahili.

Nimeona ikidaiwa kwamba neno lililokwisha kuchapwa lisiguswe, kwa kuwa kubadilisha istilahi huwachanganya wasomaji. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama wasomaji wangekuwa wamelizoea. Hawajalizoea, gereji hulisikii, kwenye stendi hulisikii, na dereva wa HiAce, ambalo nalo ni gari la msukumo wa nyuma na mkia wake kwenye tope la masika wanaujua abiria wote, hajawahi kulitamka. Limebaki kwenye karatasi. Kwa hiyo toleo lijalo la mwongozo wowote linaweza kulifuta bila kumkosesha mtu usingizi, na mahali pake pakaandikwa: "Gari hili ni la msukumo wa nyuma. Funga minyororo kwenye magurudumu mawili ya nyuma."