Waya, Hewa na Sikio: Historia ya Kanuni za Visikizi vya Simu

Kisikizi cha simu kisicho na waya, kile kinachovaliwa kichwani au kuchomekwa sikioni, kinauzwa leo Kariakoo kama kinavyouzwa London. Ndani ya kisanduku chake mara nyingi mna kikaratasi kilichokunjwa mara nyingi, chenye maandishi madogo ambayo mnunuzi huyatupa pamoja na kisanduku. Maandishi hayo, yaliyotokana na sheria za Marekani, husema mambo mawili: kwamba kifaa hicho kisiyasumbue kwa madhara mawasiliano ya wengine, na kwamba chenyewe kivumilie usumbufu wowote kitakaoupata. Kando yake kuna alama mbalimbali, kama CE ya Ulaya na FCC ya Marekani. Herufi hizo tatu za mwisho ni za Tume ya Mawasiliano ya Marekani. Zisichanganywe na Tume ya Ushindani ya hapa kwetu, ambayo nayo hufupishwa hivyo hivyo.

Wapo makada wanaodhani kwamba hayo ni mambo ya mafundi na kwamba siasa haihusiki. Sisi tunasema siasa imo. Kila kanuni iliyomo katika kikaratasi hicho imezaliwa na mapambano kati ya wenye mali na watumiaji, kati ya waajiri na wafanyakazi, na kati ya nchi zilizoamua na nchi zilizoamuliwa. Neno linalorudi katika mapambano yote hayo ni moja, nalo ni usalama. Kwa hiyo swali ambalo kada hana budi kulijibu ni hili: usalama wa nani, na nani anapima?

1. Waya: Usalama kama Ngao ya Ukiritimba

Kwa muda mrefu simu nchini Marekani ilikuwa mikononi mwa kampuni moja kubwa, AT&T. Kampuni hiyo ilimiliki waya wa masafa marefu, ilimiliki makampuni mengi ya simu ya mijini, na ilimiliki kiwanda cha Western Electric kilichotengeneza vyombo. Mteja alikodi hata simu iliyokuwa mezani kwake. Masharti ya kampuni yalikataza kuunganisha na simu hiyo kitu chochote ambacho hakikutoka kwa kampuni yenyewe.

Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama: usalama wa mtandao na wa mafundi wanaopanda nguzo. Sababu hiyo haikuwa uongo mtupu, kwa maana chombo kibovu kinaweza kweli kupeleka umeme hatari katika waya. Lakini tutazame ilivyotumika. Kulikuwa na kidude kilichoitwa Hush-A-Phone, kifuniko kama kikombe kilichobandikwa penye mdomo wa simu ili maneno ya msemaji yasisikike na walio karibu. Kidude hicho hakikuwa na umeme wowote. Hata hivyo kampuni ilikipiga marufuku, na mwaka 1955 Tume ya Mawasiliano iliiunga mkono. Ilibidi mahakama ya rufani itengue uamuzi huo mwaka 1956.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1968. Thomas Carter wa Texas alikuwa ametengeneza chombo kilichoitwa Carterfone, kilichounganisha redio ya upepo na simu ya kawaida kwa njia ya sauti, bila kugusa waya wa kampuni. Mara hii Tume iliamua kwamba mteja ana haki ya kutumia chombo chake maadamu hakidhuru mtandao. Kampuni haikukata tamaa. Ilidai kwamba kila chombo cha nje kipitie kwenye kifaa cha kinga, na kifaa hicho mteja alipaswa kukikodi kutoka kwa kampuni ile ile! Ndipo mwaka 1975 Tume ikaweka utaratibu mwingine: viwango vya kiufundi vikaandikwa wazi, na chombo cha mtengenezaji yeyote kikapimwa na kusajiliwa kwa viwango hivyo. Baada ya kupingwa mahakamani, utaratibu huo ulianza kufanya kazi kikamilifu.

Ni dhahiri kwamba walionufaika mara moja walikuwa wafanyabiashara wengine, wala hatudai kwamba ubepari wa Marekani uligeuka kuwa wa umma. Hata hivyo somo lipo. Ukiritimba haukushindwa kwa kufuta kanuni za usalama. Ulishindwa pale kanuni zilipotolewa mfukoni mwa kampuni na kuwekwa hadharani, zikawa kitu kinachoweza kupimwa.

2. Hewa: Nani Aligawa Masafa?

Kisikizi kisicho na waya kinategemea mawimbi ya redio, na mawimbi hayana mipaka. Hapa historia ni ya zamani zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Marconi ilikuwa na desturi ya kukataa kuwasiliana na meli zilizotumia mitambo ya makampuni mengine. Mataifa yalikutana Berlin mwaka 1903, na tena mwaka 1906, yakaamua kwamba kituo cha pwani kipokee ujumbe wa meli bila kujali mtambo ni wa nani.

Uamuzi huo ulikuwa wa maendeleo. Lakini Berlin ni mji ule ule ambamo Afrika iligawanywa mwaka 1884 na 1885, na mkataba wa 1906 uliruhusu dola yenye makoloni kuwa na hadi kura sita. Yaani ardhi iliyonyang'anywa iligeuzwa kuwa kura ya yule aliyeinyang'anya. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani, na watu wake walikuwa bado wakipigana Vita vya Maji Maji.

Mwaka 1947, katika mkutano wa Atlantic City nchini Marekani, mataifa yalitenga masafa ya karibu na megahetsi 2,450 kwa mitambo ya viwanda, sayansi na tiba, ambayo ni pamoja na majiko ya mawimbi. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa uliosimamiwa na Uingereza. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu vyombo vya mawasiliano vya nguvu ndogo kutumia masafa hayo bila leseni, kwa sharti lile tulilolitaja: kisisumbue, na kivumilie. Mwaka 1994 wahandisi wa kampuni ya Ericsson huko Sweden walianza kutafuta njia ya kuondoa waya kati ya simu ya mkononi na vifaa vyake, kisikizi kikiwemo. Mwaka 1998 makampuni ya Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba yaliunda umoja wa kusimamia njia hiyo, ambayo dunia inaijua kwa jina la Bluetooth. Kwa kuwa masafa hayo yamejaa vyombo vingine, kisikizi cha kawaida cha aina hiyo huruka kutoka mkondo hadi mkondo mara 1,600 kwa sekunde ili kukwepa vurugu.

Lakini si kila kisikizi kinatumia masafa yanayokubalika duniani kote. Visikizi vingi vya ofisini hutumia mfumo wa DECT, ulioanzishwa Ulaya katika megahetsi 1,880 hadi 1,900. Marekani iliuweka mfumo huo katika megahetsi 1,920 hadi 1,930. Masafa hayo ya Marekani, katika nchi zetu na Ulaya, yamo ndani ya sehemu ambayo simu za mkononi za kizazi cha tatu zilipangiwa kupeleka sauti na data kwenye mnara. Vivyo hivyo simu za nyumbani za Marekani za megahetsi 902 hadi 928 huingia katika masafa ambayo kwetu simu ya mkononi hutumia kuufikia mnara. Kwa hiyo chombo kilicho halali kabisa Chicago kinaweza kuwa mharibifu Dar es Salaam, bila ya kuwa kibovu wala bandia. Alama ya ugenini, hata iwe ya kweli, haitoshi kuwa kibali cha hapa.

3. Sikio: Mwili wa Mfanyakazi

Historia ya kisikizi haianzi na mnunuzi. Inaanza na mfanyakazi. Katika miaka ya 1880 opereta wa simu wa Marekani walivalishwa mabegani chombo cha kusemea na kusikilizia chenye uzito wa kilo kadhaa. Kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuwa ya wanawake, kwa ujira mdogo na nidhamu kali. Mwezi Aprili 1919 opereta wapatao 8,000 wa majimbo ya New England, wakiongozwa na Julia O'Connor, waligoma na kusimamisha simu kwa siku kadhaa hadi wakapata nyongeza ya mishahara na haki ya kujadiliana na mwajiri. Tunalitaja tukio hilo kwa sababu linaonyesha nani hasa anavaa chombo hiki kutwa nzima.

Vituo vya kupokea simu za wateja vilipoenea katika miaka ya 1990, jeshi jipya la wafanyakazi lilivaa visikizi. Uingereza, Denmark na Australia zilianza kushughulikia malalamiko ya mshtuko wa sauti: mlio mkali wa ghafla unaopenya sikioni na kumwachia mfanyakazi maumivu, mvumo masikioni na hofu ya kuvaa chombo tena. Uingereza ilikuwa na kiwango cha kuzuia sauti ya kisikizi isizidi desibeli 118. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo la kelele kazini: kuanzia wastani wa desibeli 80 kwa siku ya kazi mwajiri ana wajibu wa kutoa maelezo na kinga, na kuanzia 85 wajibu huo huwa mzito zaidi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Mawasiliano ya Simu Duniani yalikubaliana kiwango cha vyombo vya kusikilizia: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa mtoto.

Kuhusu mawimbi yenyewe, yako maneno mengi ya mitaani, na kada lazima aseme ukweli. Mwaka 1996 Marekani iliweka kwamba nishati inayofyonzwa na mwili isizidi wati 1.6 kwa kilo. Nchi zinazofuata mwongozo wa kimataifa wa 1998 zilichukua wati 2, kwa namna tofauti kidogo ya kupima. Mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa ushahidi ambao lenyewe liliuita finyu. Sasa tulinganishe: kisikizi cha kawaida cha Bluetooth hutoa takriban miliwati 2.5, wakati simu ya mkononi ya kizazi cha pili iliweza kufikia wati 2 katika kilele chake. Anayevaa kisikizi na kuiweka simu mbali hupunguza mawimbi kichwani. Hatari iliyo karibu zaidi na sikio lake ni sauti kubwa.

4. Hali Yetu

Hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ilipovunjika mwaka 1977, simu zetu ziliendeshwa na shirika la pamoja la Posta na Simu. Baadaye Tanzania ikaunda shirika lake. Mwaka 1985 Arusha ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa dunia wa maendeleo ya simu. Mkutano huo ulijadili taarifa ya tume ya Donald Maitland, iliyoonyesha kwamba mji mmoja wa Tokyo ulikuwa na simu nyingi kuliko bara zima la Afrika. Wakati huo tatizo letu lilikuwa kukosa vyombo.

Leo vyombo vimejaa, na tatizo limegeuka. Shirika liligawanywa kwa sheria za mwaka 1993, na mwaka 2003 ikaundwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yenye kazi ya kuidhinisha vyombo vya mawasiliano kabla havijaingia sokoni. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ilizima simu bandia nchini, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2012. Hilo liliwezekana kwa sababu kila simu ya mkononi ina namba ya utambulisho inayoonekana na mtandao. Kisikizi hakina namba hiyo. Hakiongei na mnara, kinaongea na simu iliyo mfukoni. Kikishavuka bandari hakuna atakayekizima. Kwa maneno mengine, kinga yetu iko bandarini, dukani, kazini na katika ufahamu wa wananchi; ikikosekana hapo, haipo.

5. Wajibu wa Kada

Kwanza, kada aifahamu tofauti kati ya alama na kipimo. Alama huchapishwa kwa wino; kipimo hufanywa kwa mtambo na mtu aliyesomea. Nchi isiyo na mitambo ya kupimia na wataalamu wa kuiendesha hutia sahihi vyeti vya wengine, na huo ni utegemezi hata kama ofisi na bendera ni zetu.

Pili, tawi la wafanyakazi lililo katika kituo cha kupokea simu liijue Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na lidai kisikizi chenye kizuizi cha sauti kama vile mfanyakazi wa kiwandani anavyodai glavu.

Tatu, tusiliachie neno usalama litumiwe na kila mwenye ghala. Atakayesema chombo cha mwenzake ni hatari aonyeshe vipimo. Na atakayesema chake ni salama aonyeshe vile vile.

Mabaharia walitendewa haki pale kituo cha pwani kilipolazimishwa kupokea ujumbe wa kila meli, na watumiaji wa simu pale viwango vilipoandikwa hadharani. Opereta wa 1919 hawakusubiri kuandikiwa haki yao. Sisi nasi tusisubiri kikaratasi kutoka kwenye kisanduku kituambie kama masikio ya watu wetu yako salama.