Tabasamu la Mkuku

Alfajiri ya tarehe 16 Mei 2014, mashua ya tanga ya Kiingereza iitwayo Cheeki Rafiki ilipinduka katika Bahari ya Atlantiki, yapata maili 720 kutoka Nova Scotia, Kanada. Ilikuwa ikirejea Southampton kutoka Antigua, na ndani yake walikuwamo mabaharia wanne. Nusu ya jina lake ni neno letu, na nakiri kwamba ndilo lililonivuta kwanza kuifuatia habari yake.

Nilipoanza kuifasiri taarifa ya uchunguzi iliyotolewa Uingereza mwaka 2015, nilikwama penye neno la awali kabisa. Mkuku kwetu ni mti unaotangulia kulazwa. Juu yake husimama omo na tezi, kisha mataruma na mbao. Chombo huota kutoka kwenye mkuku. Katika mashua za faiba za wenzetu mambo yamegeuka: mwili hutangulia, na mkuku, ambao ni pezi la chuma au risasi lenye uzito wa tani kadhaa, hufungwa chini yake kwa bolti. Uzito huo ndio unaoizuia mashua isilale ubavu tanga lijaapo upepo. Neno nililiacha lilelile, bali kitu si kile.

Penye kiungo hicho ndipo ufa huzaliwa. Mara nyingi hutokea upande wa mbele, mstari mwembamba uliopinda kidogo, na wenye mashua wa huko huuita kwa mzaha tabasamu. Pengine ni rangi na gundi tu iliyochoka. Lakini mkuku ukigonga mwamba kwa ncha, huvutika chini mbele na kusukumwa juu nyuma. Hivyo fundi aliyeuona ufa mbele huingia ndani ya ngama kuangalia nyuma. Hutazama nati, nyufa kama nywele zinazozizunguka, na machozi ya kutu. Nje, huiacha mashua ikining'inia kwenye mikanda: ufa ukipanuka hapo, kisha ukafumba mashua inapokalishwa juu ya mkuku wake, kiungo kinacheza. Hugonga pia kwa nyundo ndogo, maana palipobanduka hutoa sauti bubu. Kuupaka ufa huo lipu na rangi ni kuuficha tu. Matengenezo ni kuushusha mkuku, kusafisha nyuso zote mbili, kubadili bolti zilizoliwa, kutia gundi mpya na kukaza nati kwa kipimo. Ni kazi ghali, ndiyo maana lipu hupendwa.

Kwa Cheeki Rafiki palikuwa na jambo gumu zaidi. Ndani ya mwili wake, mahali ambapo jahazi lina mataruma, mlikuwa na kiunzi cha faiba kilichogandishwa kwa gundi, na mkuku ulishikwa hapo. Gundi ikiachia chini ya kiunzi, jicho halioni, na hata nyundo haina hakika. Taarifa ilieleza kwamba mashua ilikwisha kugota chini siku za nyuma na kutengenezwa. Kwamba huenda kugota huko na matengenezo yake, kwa pamoja, vilidhoofisha mahali mkuku ulipofungwa. Na kwamba yamkini bolti moja au zaidi ilikwisha kuharibika. Ilionya pia kuwa hata mgoto mwepesi, ule ambao nahodha huucheka na kuusahau, waweza kuleta madhara makubwa yasiyoonekana. Wenye viwanda vya mashua walitakiwa waandae mwongozo wa kukagua na kutengeneza vyombo vya namna hiyo.

Tarehe 15 mabaharia walikuwa wamekwisha kuarifu kwamba maji yanaingia. Tarehe 17 meli ya mizigo iliuona mwili wa mashua umepinduka, bila mkuku. Wamarekani walisitisha msako, wakaurudia baada ya kilio cha watu, na tarehe 23 manowari yao iliufikia: boya la kuokolea lilikuwa bado limehifadhiwa mahali pake. Wanne hao hawakuonekana tena. Mashua haikuletwa pwani, na mkuku uko chini ya Atlantiki, kwa hiyo hapana fundi aliyepata kukigonga kiungo kile kwa nyundo. Ndiyo sababu taarifa imejaa "huenda" na "yamkini", na katika tafsiri yangu sikuthubutu kuondoa hata moja.