Kinga huja kabla ya kisu

Ukienda kumwona ndugu aliyepasuliwa tumbo, swali la kwanza wodini huwa lile lile: "Dawa za kukausha kidonda anapewa?" Wengi tunaamini kidonda hulindwa na dozi ndefu baada ya operesheni. Historia inasema vingine, na sehemu yake imetokea hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1879, huko Kahura katika Bunyoro (Uganda ya leo), Robert Felkin, mmisionari Mwingereza ambaye alikuwa hajamaliza masomo ya udaktari, alishuhudia mama akizalishwa kwa kupasuliwa. Mpasuaji aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, kisha kwa maji, NDIPO akashika kisu. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, jeraha likafungwa kwa misumari saba myembamba iliyong'arishwa. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Wakati huo Ulaya akina mama wengi waliopasuliwa hivyo walikufa, na mbinu ya Joseph Lister ya kuua vijidudu kwa asidi ya kaboliki ilikuwa na miaka 12 tu tangu aitangaze. Pombe ya ndizi si kali kama spiriti, sawa, lakini mpangilio jamani! Usafi kwanza, kisu baadaye.

Antibiotiki zilipokuja, swali likawa: tuzitoe lini? Mwaka 1961 John Burke wa Boston alijaribu kwa simbilisi. Dawa iliyokuwa tayari mwilini bakteria walipoingia ngozini ilifanya kazi vizuri. Iliyochelewa saa tatu haikusaidia kitu.

Mwaka 2011 hospitali ya Thika, Kenya, iliacha kutoa antibiotiki za kinga kwa siku kadhaa baada ya operesheni, ikahamia dozi moja kabla. Watu waliogopa vidonda vitaoza. Wapi! Maambukizi ya juu juu ya kidonda yalipungua. Mwaka 2016 WHO nao wakaandika: dozi ndani ya dakika 120 kabla ya kisu, na isiendelezwe baadaye. Kuiendeleza ni gharama kwa familia na kuwafundisha bakteria usugu.

Kama utumbo ulishatoboka au kidonda kimeshatunga usaha, hapo ni tiba, siyo kinga, na daktari ndiye anayeamua siku ngapi. Kwa wengine, swali la kuuliza ni hili: "Alipewa dawa kabla hajapasuliwa?"