Sanduku la Baba Mkubwa: Vitabu, Katuni na Nyimbo katika Historia ya Msomaji wa Kiswahili

Makala haya hayakuzaliwa maktaba. Yamezaliwa uvunguni mwa kitanda. Kitanda chenyewe ni cha baba yangu mkubwa, fundi cherehani mstaafu wa Morogoro, na uvunguni mwake mna sanduku la bati ambalo tangu utotoni tulikatazwa kulifungua. Likizo iliyopita aliniita akasema, "Mwanangu, si wewe unayesomea vitabu huko chuoni? Basi nisomee na mimi, macho yangu yamekwisha." Nikalivuta, nikitaraji kukuta hati za kiwanja. Kumbe! Mlikuwa na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, matoleo ya Sani yaliyogeuka rangi kama chai, kaseti za Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab, na katikati ya yote hayo, Wasifu wa Siti Binti Saad wa Shaaban Robert. Mchwa walikwisha kuanza kazi yao.

Ndugu msomaji, sanduku lile lilinifedhehesha. Darasani tumefundishwa kupanga: fasihi dhati juu, fasihi pendwa chini, katuni nje ya mlango, na nyimbo za dansi zipitie dirisha la fasihi simulizi. Mzee hakupanga hivyo. Kwake yeye vyote vilikuwa mali, na vyote vilifungiwa kufuli moja. Nilipowahi kupendekeza niandike tasnifu kuhusu vitu vya namna hii niliambiwa nitafute mada nzito. Sasa nauliza: nani aliyekosea, mhakiki au fundi cherehani?

Hebu tuiulize historia. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa. Aliuza vyungu, na hakujua kusoma wala kuandika. Lakini mwaka 1928 alivuka bahari na kundi lake hadi Bombay kuimba katika sahani za santuri, na sahani hizo zikaipeleka sauti ya Kiswahili majumbani mwa watu ambao hawakuwahi kushika kitabu. Siti alifariki mwaka 1950. Ni nani aliyeketi kuandika maisha yake? Si mwandishi wa vijarida, bali Shaaban Robert mwenyewe, huyu tunayemwita baba wa fasihi ya kisasa ya Kiswahili. Kati ya watu wote alioweza kuwaandikia wasifu, alimchagua mwimbaji wa kike asiyejua kusoma. Mtu huyo hakuuona ukuta kati ya kitabu na wimbo. Ukuta tumeujenga sisi wahakiki, halafu tunasema tumeukuta.

Tuje kwenye riwaya za upelelezi, ambazo wengi wetu huzisomea chini ya dawati. Riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutoka kitabuni mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake anamkumbusha mtu Sherlock Holmes, hilo halifichiki, lakini wazee wa Unguja anaowahoji wanazungumza Kiswahili cha barazani. Mwaka 1965 Katalambulla akatoa Simu ya Kifo, na Katalambulla huyo huyo akashughulika na Film Tanzania, jarida la hadithi za picha. Mwandishi mmoja, mkono mmoja kwenye riwaya, wa pili kwenye picha! Kisha mwaka 1974 Musiba akamleta Willy Gamba, mpelelezi wa Kiafrika anayepambana na maadui wa ukombozi wa bara letu. Unaweza kumcheka Willy kwa suti zake na starehe zake, lakini ukombozi wa Kusini mwa Afrika ulikuwa suala la siku zile, na vijana wengi walionja siasa hiyo kupitia kwake.

Wasomaji hao walitoka wapi? Hapa ndipo fani na maudhui peke yake haitutoshi. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1977 ukaja mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Watu waliofunzwa kusoma hawakukubali kusoma habari za mbolea tu! Walitaka kucheka na kushtuka. Katika gazeti la Uhuru alikuwapo Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory. Baadaye wakaja Saidi Bawji na Nico ye Mbajo na Sani yao, ambayo jina lake ni Saidi na Nico waliounganishwa, na humo Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986, akamchora Komredi Kipepe. Hebu fikiri: neno "komredi" lililokuwa zito majukwaani, limevishwa mhusika wa katuni. Kama hiyo si tashtiti, basi tashtiti tumeisoma bure.

Na kaseti je? Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari 1979. Marijani akafuata mwaka 1995. Zuwena na Georgina ni majina ya nyimbo, lakini muulize mtu mzima wa rika la baba mkubwa, atakusimulia kana kwamba ni majirani zake. Ni mwandishi yupi wa tamthilia asiyetamani wahusika wake waishi namna hiyo?

Sisemi kwamba vyote ni sawa. La hasha. Katika vitabu vingi vya upelelezi mwanamke ni pambo au mtego, na katika vichekesho vya katuni mara nyingi analengwa yeye. Haya tuyaseme, tena kwa ukali. Lakini tuyaseme baada ya kusoma. Tukumbuke kwamba Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni, na baadaye ikaingizwa katika vitabu vya mtihani. Kitabu hakikubadilika hata nukta. Waliobadilika ni waamuzi.

Narudi uvunguni. Nilimsomea mzee Simu ya Kifo kwa jioni nne. Jioni ya nne nikafika mahali ambapo kurasa za mwisho hazipo, zimeliwa. Nikanyamaza, nikiona aibu kama vile mimi ndiye mchwa. Mzee akatabasamu, akasema, "Hapo niachie mimi." Akaimalizia kwa kichwa, huku akitwanga meza kila panapotisha, na katikati akasita kidogo akaimba ubeti wa Mbaraka kwa kuwa, alisema, siku aliyokisoma mara ya kwanza redio ya jirani ilikuwa ikiupiga.

Ndivyo fasihi yetu ilivyosomwa. Wanafunzi wenzangu, kila mmoja wetu ana baba mkubwa au shangazi mwenye sanduku. Likizo hii tuyafungue, tuandike kilichomo na kile wanachokumbuka wenye masanduku. Mchwa hawasubiri mada nzito.