Mshale Uliokosa Shabaha

Msafiri ashikaye njia ya kutoka Kitui kwenda Kibwezi hupita Mutomo, mji mdogo uliozungukwa na nchi kavu ya mawe na miiba. Mbele yake, upande wa kusini, ndiko iliko nyika ya Tsavo. Mvua ya huko ni haba, na mara nyingi shamba humdanganya mkulima. Kwa hiyo zamani upinde ulikuwa ghala ya pili ya nyumba, na mwindaji alipokosa shabaha watoto walilala na njaa. Basi kuuliza kwa nini silaha iliyopiga vema jana imekosa leo hakukuwa mchezo, bali jambo la uhai.

Upinde huo ulileta mali pia. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilichukua pembe za ndovu mpaka pwani ya Mombasa. Mmisionari Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mkuu wa misafara aliyejulikana mbali. Nyuma ya kila pembe iliyofika sokoni palikuwa na kazi ya mikono mingi: mhunzi aliyefua chembe, fundi aliyechonga wano, na mwindaji aliyevuta upote.

Mshale hautoki kiwandani. Kila mmoja ni kazi ya mkono, wala hakuna miwili iliyo sawasawa kabisa. Hapo ndipo kosa linapoingia. Wano likipinda kwa unyevu au kwa jua, mshale huenda upande. Unyoya mmoja ukilegea, mshale huyumba hewani. Chembe ikiwa nzito kupita za wenzake, mshale huanguka kabla ya kufika. Upote ukilegea, mishale yote hupungukiwa nguvu. Twaona basi kwamba kosa lenyewe hutoa ushahidi: mshale mmoja ukikosa na mingine ikipiga, ubaya u katika mshale ule, yote ikikosa namna moja, na utazamwe upinde, yote ikitawanyika huku na huku, mwindaji na autazame mkono wake mwenyewe.

Tena palikuwa na kosa lisiloonekana kwa macho. Sumu ya mishale ilipikwa kutokana na mti uitwao kwa Kiswahili msunguti, nayo huua kwa kuusimamisha moyo. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Arnaud aliitoa katika mti wa jamii hiyo dawa iitwayo wabaini, ambayo baadaye matabibu waliitumia kwa wagonjwa wa moyo. Sumu hiyo ikikauka na kukaa wazi hupungua nguvu. Kwa sababu hiyo wawindaji waliizungushia ngozi nyembamba, ili isikauke, na isimdhuru mwenye kuichukua. Aliyepuuza ngozi hiyo aliweza kupiga mahali pake hasa, kisha akamwona mnyama akienda zake na jeraha, asimpate tena.

Bunduki ilipokuja haikuliondoa swali. Ililibadili sura tu. Mwenye gobori alipima baruti kwa mkono wake, na kipimo kilipozidi au kupungua, risasi ilibadili njia. Hata bunduki bora za Uingereza hazikusalimika. Baruti ya kordaiti, iliyoanza kutumika mwishoni mwa karne hiyo, huongeza nguvu ikipata joto. Bunduki ya midomo miwili iliyorekebishwa shabaha katika baridi ya Ulaya iliweza kupotoka chini ya jua kali. Watengenezaji wakalazimika kuuza risasi za nchi za joto, zenye baruti iliyopunguzwa. Hata leo, katika nchi zinazoruhusu uwindaji, wako wajazao risasi zao wenyewe. Nao bunduki ikipoteza shabaha huangalia parafujo, masizi katika mwanzi, na kipimo cha baruti, wakibadili jambo moja tu kila safari. Abadiliye mawili pamoja hajui lipi lilimponya.

Lakini Mutomo silaha hiyo ilipatwa na jambo ambalo hakuna fundi awezaye kulitengeneza. Mwaka 1948 mbuga ya Tsavo ilitengwa kuwa hifadhi ya taifa, na mwindaji wa jana akaitwa mwizi wa leo. Katika miaka ya 1956 na 1957 askari wa wanyama waliwasaka wapiga mishale, Waata na Wakamba, na wengi wakafungwa. Mishale ilikuwa na alama za wenyewe, zilizochongwa ili kuamua mnyama ni wa nani. Sasa alama zile zikawa ushahidi dhidi yao. Mwaka 1977 serikali ya Kenya huru ilipiga marufuku uwindaji nchini kote. Ndovu walihitaji ulinzi, jambo hilo halikanushiki. Lakini yafaa kukumbuka pia ni nani aliyelipa gharama yake.

Upinde umetundikwa, lakini elimu yake haikufa. Mhunzi, fundi saa na tabibu wote huifuata: usilaumu kabla ya kupima, pima jambo moja moja, na usiuache mkono wako mwenyewe nje ya hesabu. Mshale uliokosa haukupotea bure kwa mtu aliyekwenda kuuokota na kuutazama.